Lenzi Yenye Ukungu

Kwa wewe uliyefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: jina langu ni Absalom, mpiga picha wa Changamwe, na nimechoka.

Ninyi wengine mnaonifuata tangu wiki ya kwanza mnayajua. Mnajua nilivyomwacha mke wangu Milcah kule Frere Town miaka kumi na miwili iliyopita nikamfuata mwanamke mwingine. Mnajua mwanamke huyo naye alivyoniacha, akaondoka hata na godoro. Mnajua habari ya taa niliyoikodi kwa Kimani nikaitumbukiza kwenye birika la ubatizo, mchungaji akiwa ndani. Msomaji mmoja wa Mikindani aliandika gazetini kwamba mimi ni mjinga. Sina ubishi naye.

Wiki iliyopita niliwaachia pale simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa binti yangu Valarie, ambaye sauti yake sikuwa nimeisikia kwa miaka sita.

"Naolewa Jumamosi," akasema. "Kanisani kwetu, Frere Town."

"Hongera, mama."

"Nataka uje upige picha."

Yeye akaendelea, haraka haraka, kama mtu anayesoma alichoandika.

"Uje kama mpiga picha. Usije kama baba. Atakayeniingiza kanisani ni mjomba Gedion, na mama hajui kwamba nimekupigia. Na kasisi hataki mpiga picha apite benchi la tisa."

Sheria hiyo ya benchi la tisa naijua. Iliwekwa baada ya mpiga picha mmoja kukanyaga shela la bibi harusi mbele ya madhabahu, likamtoka kichwani. Jina la mpiga picha huyo sitalitaja. Mmeshalisoma hapo juu.

"Nataka picha moja tu," Valarie akasema. "Uso wangu nikitamka 'nakubali'. Upande wa kupiga unaujua."

Naujua. Ni upande wa kulia. Wa kushoto una kovu juu ya nyusi, alilolipata akiwa na miaka minne alipoanguka kwenye ngazi za studio yangu. Wakati ule mimi nilikuwa ndani, nikimwambia mtoto wa watu wengine acheke.

Basi nikasema nitakuja. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba lenzi yangu ni fupi. Ukiwa benchi la tisa na lenzi ile, bibi harusi ni punje ya mchele.

Nilihitaji lenzi ndefu ya kuvuta mbali, kama zile wanazobeba wapiga picha wa mpira. Mpya sikuthubutu hata kuiulizia. Za kukodisha anazo Kimani, na Kimani tangu mambo ya ubatizo hapokei simu yangu. Nikamwendea Rama, fundi wa kamera.

"Kuna mjane Likoni," Rama akaniambia. "Anaitwa Mama Sarah. Marehemu mumewe, Ngowa, alikuwa akipigia magazeti picha za mpira. Lenzi yake bado ipo. Ni ya kizamani, unalenga kwa kuzungusha na mkono, lakini ni milimita mia tatu, inavuta mbali, na inaingia kwenye kamera yako."

"Na hali yake?"

"Mimi sijaiona. Nenda kaitazame kwa macho yako. Na usikimbilie kununua, Absalom. Nakujua."

Alhamisi asubuhi niliuza printa yangu. Ile printa ya picha za pasipoti, iliyokuwa ikininunulia ugali kila siku. Nikavuka feri na pesa mfukoni, nikiwa nimejiapiza kwamba nikiona kasoro moja tu nitarudi nazo.

Mama Sarah nilimkuta kibarazani akichambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiwe Absalom wa Rama?"

"Ndimi, mama."

"Karibu, keti. Waonekana umechoka."

"Nimechoka, mama."

Hakuniuliza kwa nini, na hilo nililipenda. Aliinuka, akaingia ndani, nami nikamwona kupitia mlangoni akifungua friji. Alitoa kitu kimefungwa kwa leso. Nikadhani ananiletea maji ya kunywa.

Ilikuwa lenzi.

"Marehemu ndiye aliyeiweka humo," akasema. "Akisema hewa ya Likoni yala vioo. Mwaka wa tano huu hayuko, nami sijaitoa. Bamia ndizo n'lizozihamisha."

Niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi kama samaki wa barafu, na nzito. Nikaizungusha, ikazunguka taratibu bila kukwaruza. Nikatikisa, hakuna kilicholia ndani. Nikaivisha kwenye kamera, nikalenga mnazi ulio ng'ambo ya barabara.

Nikaona weupe mtupu. Kioo kilishatoka jasho.

Mpiga picha yeyote anajua: kioo kikitoka kwenye baridi kikakutana na joto la pwani, kinatoka jasho. Unakiacha nusu saa, kinakauka, ndipo unakikagua. Nami nilijua. Nataka mjue kwamba nilijua.

Kilichonitia hofu kilikuwa kingine. Huku kwetu baharini lenzi za zamani huingiwa na fangasi. Unyevu unapenya ndani, vinaota vijinyuzi juu ya kioo, na kila picha inatoka kama imepigwa kupitia maziwa. Kwa hiyo nikauliza swali sahihi, kama fundi.

"Mama, niambie ukweli. Haina fangasi?"

Mama Sarah akanitazama miguuni, kisha akanitazama usoni.

"Fangasi ni za vidole, baba. Kwenye kioo zaingilia wapi?"

"Nauliza tu."

"Fangasi haina. Lakini mimi ni mtu wa kanisa, sitaki kukuficha. Ina ukungu."

Nikatazama kile kioo kilichotoka jasho, nikacheka.

"Ukungu huo nauona, mama. Si neno. Ukipata jua utaondoka."

"Utaondoka?"

"Kabisa. Kwetu Vihiga tuna ukungu kila asubuhi. Ikifika saa nne haupo."

Mama Sarah akashika kifua. "Kila asubuhi? Masikini. Sasa huko mwala nini?"

"Tunakula ugali, mama," nikamjibu, nikijua ananitania.

"Haya. Ninyi mafundi ndio mjuao."

Nikaiweka lenzi juu ya meza ili ikauke. Wallahi nilikuwa nimeamua kungoja. Maneno ya Rama nilikuwa nayo kichwani. Tena nilikuwa na mashaka mengine: macho yangu ya miaka hamsini na mitatu, kulenga kwa mkono, na binti asemaye "nakubali" mara moja tu, asirudie.

"Keti tu, wala usiwe na haraka," Mama Sarah akasema. "Ila kuna kijana mwengine aja saa saba. Amenipigia simu mara tatu leo. Lenox aitwa."

Lenox mnamjua. Ni yule kijana wa Bamburi mwenye kamera ya kuruka angani na viatu vyeupe, aliyeninyang'anya harusi ya Mikindani katika wiki ya nne.

Nikatazama simu. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

Kioo kilihitaji nusu saa. Mimi nilikuwa na dakika ishirini. Mtu mwenye akili angemsubiri Lenox, wakaitazama pamoja, na aliye tayari akanunua. Mimi nikamwona Lenox kichwani amekaa kwenye kiti changu, ameshika lenzi ya uso wa mwanangu, nikaona kama ninanyang'anywa tena.

"Mama, naichukua."

"Bila kuijaribu?"

"Naichukua."

Akazipokea pesa, akazitia katikati ya Biblia, akanifungia lenzi kwa leso ile ile. Nikaondoka nikiwa na furaha. Niliwahi kuwa na furaha mara chache katika hadithi hii, nazo zote mmeona zilivyoishia.

Chumba changu kiko Changamwe, ghorofa ya juu, mahali ambapo ndege hupita juu ya mabati zikielekea kutua. Nilipofika nilifungua leso. Jasho lilikuwa limekauka, kioo kikavu kabisa. Nikasimama dirishani nikangoja ndege.

Ikaja. Nikalenga, nikazungusha, nikaikamata vizuri. Ndani ya kamera niliona kivuli kinachoelea kwenye maziwa.

Nikafuta kioo kwa shati. Nikajaribu tena kwa jirani yangu Mercyline, aliyekuwa akianika nguo upande wa pili. Mercyline hakuwa na pua.

Ndipo nikachukua tochi, nikamulika kutoka nyuma, nikachungulia kutoka mbele. Vilikuwa humo. Vijizizi vyeupe, vimetambaa kutoka ukingoni mpaka katikati, vimegawanyika na kugawanyika tena, shamba zima. Fangasi.

Nikaketi kitandani. Sikulia, nisije nikawadanganya. Kisha nikampigia Mama Sarah.

"Mama, mbona hukuniambia lenzi ina fangasi?"

"N'likwambia ina ukungu!"

"Ukungu ulikauka, mama! Nazungumzia vitu vilivyo ndani."

"Nami nazungumzia vya ndani. Ukungu wakaukaje? Mkate ukikaa siku nne waota nini?"

Nikaitazama lenzi mkononi.

"Nakuuliza, baba. Waota nini?"

"Ukungu," nikasema.

"Na viatu vya kanisani, vikikaa kabatini masika yote?"

"Ukungu, mama."

"Basi? Ndiyo maana n'kashangaa huko kwenu mwala nini."

Miaka ishirini na sita nimeishi Mombasa. Mkate wangu umeota ukungu mara ngapi sijui. Lakini nikiwa nimesimama mbele ya kioo kinachotoka jasho, neno lile lilinipeleka Vihiga, kwenye wingu linaloshuka asubuhi likafunika majani chai, kisha jua likatoka likaliondoa. Mama Sarah alisema kweli mara mbili. Fangasi hazijui, ukungu anaujua. Neno lilikuwa na maana mbili, na mimi nilichukua ile niliyokuwa nikiitaka.

"Usisononeke," Mama Sarah akasema, sauti imelegea. "Pesa zako zingali kwenye Biblia, sijazigusa. Irudishe uzichukue. Yule Lenox alikuja, akakasirika sana. Hata n'lipomwambia ina ukungu, hakujali. Asema ana fundi mjini wa kuusafisha siku moja."

Nikampigia Rama. Rama alisikiliza hadithi yote, akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema yeye akiifungua lenzi ile ataifunga Jumatano.

"Harusi ni Jumamosi, Rama."

"Basi irudishe. Uchukue pesa, ukakomboe printa yako."

"Na picha ya mwanangu?"

Rama hakucheka tena. "Absalom," akasema, "hilo mimi siwezi kulitengeneza."

Kwa hiyo ununuzi niliodhani nimeumaliza ulikuwa bado. Niirudishe nibaki na printa, na kesho kutwa nisimame benchi la tisa nikipiga punje ya mchele. Au nikae nayo, nimpigie mwanangu uso wa maziwa. Niliiweka lenzi juu ya meza, nikalala mapema ili nisiitazame.

Ijumaa mchana mlango ukagongwa. Viatu vyeupe.

"Shikamoo, mzee Absalom."

"Marahaba, Lenox."

"Mama Sarah ndiye amenielekeza kwako. Mzee, nisaidie. Hiyo lenzi, nikupe pesa yako yote hapa hapa, halafu nikimbie nayo tao kwa fundi. Jioni itakuwa safi."

"Wewe na vyombo vyako vyote, lenzi ya marehemu ya nini?"

"Yangu ndefu ilianguka juzi, ikapasuka. Na kesho niko na harusi Frere Town. Yule kasisi hataki kuona mtu akipita benchi la tisa, si unajua?"

Nilishika ukingo wa mlango.

"Harusi ya nani?"

"Ya msichana mmoja anaitwa Valarie. Mamake ndiye alinichukua, Mama Milcah. Tangu mwezi wa tatu."

"Tangu mwezi wa tatu."

"Eeh. Kwani unawajua?"

"Kidogo," nikasema.

Sasa nitawaungamia, maana ndilo lililonileta gazetini. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuidondosha lenzi ile ghorofani, ivunjike vipande, uso wa mwanangu usipigwe na mtu mwingine yeyote. La pili lilikuwa kumdanganya Lenox kwamba nimeshaiuza. La tatu, ambalo lilichelewa kufika kama kawaida yangu, lilikuwa hili: nikimpa, Valarie atapata picha safi aliyoitaka. Nikikaa nayo, atapata yangu.

"Ningoje hapo," nikamwambia. Nikaingia ndani, nikaichukua lenzi nikaishika kifuani, nikampigia Valarie.

Alipokea akinong'ona. Nyuma yake wanawake walikuwa wakicheka na sufuria zikigongana.

"Kuna mpiga picha mwingine," nikasema.

Mlango ukafungwa upande wake, kelele zikapungua.

"Mama alimchukua zamani."

"Kwa hiyo picha yako ilikuwa na mwenyewe. Mimi nilikuwa wa nini?"

"Nani amekwambia?"

"Yuko hapa mlangoni kwangu. Valarie, nimeuza printa. Nimenunua lenzi mbovu. Sasa huyu anaitaka, ana fundi wa kuisafisha na pesa ya kumlipa, na mimi sina. Ulisema unataka uso wako ukitamka 'nakubali'."

"Sikukwambia ununue kitu!"

"Ulisema unataka picha."

"Nilitaka uje." Akavuta pumzi. "Siku ya kipaimara changu nilikualika. Ulisema una kazi ya picha Mtwapa. Nilipomaliza Form Four nikakualika tena. Ukasema una kazi Voi. Kila siku una kazi ya picha. Nikafikiri, nikasema basi, huyu dawa yake ni kumpa kazi."

Wasomaji, kazi ya Mtwapa haikuwapo. Wala ya Voi. Siku ya kipaimara nilikuwa kwenye kitanda hiki hiki, nimevaa suti, viatu nimeshafunga. Niliogopa Milcah atanitazama. Niliogopa Gedion ataniuliza nilikuwa wapi. Mtu mwenye kamera haulizwi kitu. Watu wanampisha, wanamwambia sogea huku, piga na huyu, na yeye anafunga jicho moja na hakuna anayemwona uso. Ndiyo maana niliposikia "uje upige picha" nilikubali upesi hivyo. Nilidhani nimepewa mahali pa kujificha ndani ya harusi ya mwanangu.

"Mpe hiyo lenzi," Valarie akasema.

"Nikimpa, nitakuja na nini?"

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Valarie, nitasimama pale nikiwa nani? Mama yako ananiona, mjomba wako ananiona, sina kitu mkononi. Nitawaambia nimekuja kufanya nini?"

Mlangoni Lenox akakohoa. "Mzee, fundi anafunga saa kumi." Alikuwa ameunyoosha mkono wake ndani ya chumba changu, kiganja juu, anangoja.

Kwenye simu mwanangu alisema polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Kwa hiyo bila kamera huji?"

Ndege ikaja. Ilipita chini kabisa, mabati yakatetemeka na vikombe vikalia kabatini. Miaka yote niliyokaa chumba hiki nimezilaani kelele hizo. Siku hiyo nilizishukuru, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kujibu swali lolote ndege ikipita. Nikasimama katikati ya chumba, lenzi kifuani, simu sikioni, mkono wa Lenox mbele yangu, nikiomba ndege ile iwe ndefu.

Ikapita, ikatua. Kukawa kimya. Nikadhani ameshakata.

"Baba," Valarie akasema. "Nilikuwa nangoja ipite."